Fitingi za Chuma za Mipira ya Oili ya Injini: Tathmini ya Duka la Haidroliki Gerezani

Kwa mwenye gari anayehitaji mpira mpya wa oili, au anayeongeza turbo au kipoza oili kwenye injini ambayo kiwandani haikupewa, mahali pa kuanzia si duka la vipuri vya magari. Ni duka linalobana mipira ya haidroliki ya makatapila, ekskaveta, forklifti na matipa, kwa sababu huko ndiko fitingi za chuma, yaani viungo vya miisho ya mipira, zinakojulikana kwa vipimo vyake badala ya kujulikana kwa jina la gari. Duka ninalolitathmini hapa liko Gerezani, Dar es Salaam, katikati ya mitaa ile ambayo wauza vipuri na mafundi vyuma wamepakana mlango kwa mlango. Jina lake silitaji, kwa kuwa ningependa msomaji achukue vigezo vyenyewe na kuvitumia kupima duka lolote la aina hii, liwe la Barabara ya Nyerere au la Industrial Area ya Nairobi.

Kazi niliyowapelekea ilikuwa ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Injini hiyo ya dizeli, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, Toyota haikuiwekea turbo, na wanaopanda Kitonga wakiwa na mzigo wanajua maana yake. Turbo ikiongezwa, hutegemea oili ya injini kwa kila kitu, kwani mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya beringi, na hiyo oili ndiyo inayoulainisha na kuondoa sehemu ya joto lake. Kwa hiyo nilihitaji mpira mwembamba wa kupeleka oili kwenye turbo, njia pana ya kuirudisha kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini, na mipira 2 minene ya kwenda na kurudi kwenye kipoza oili kilichofungwa mbele ya rejeta. Hakuna hata moja kati ya hizo niliyoikuta ikiuzwa tayari kwa gari kama langu, maana mafundi wengi wanaofunga turbo kwenye 1HZ huifunga kila mmoja kwa namna yake.

Kilichonifanya niliheshimu duka hili ni jambo lililotokea kabla fedha haijatajwa. Kijana wa kaunta alichukua swichi ya oili niliyoifungua kwenye injini, akaifuta kwa kitambaa, akaipima kwa venia, kisha akachukua kipima meno, kile cha vibati vyembamba vilivyochongwa kama misumeno, akakilaza kwenye meno ya swichi na kuviinua vyote viwili kuelekea mwanga wa mlangoni. Kibati cha meno 27 kilikaa vizuri mwanzoni, lakini kuelekea mwisho mwanga ukaanza kupenya kati yake na chuma. Kibati cha meno 28 hakikupitisha mwanga popote. "Kaka, hii ni BSPT ya moja ya nane," akasema, "ukipewa NPT ikatae."

Maneno hayo machache yalistahili nauli yangu yote. Matundu madogo ya oili kwenye injini za Kijapani, likiwemo lile la swichi ya oili ya Toyota, kwa kawaida hutumia meno ya bomba ya Kiingereza yenye mchongoko, yaani BSPT ya inchi 1/8, ambayo yana meno 28 kwa kila inchi na pembe ya digrii 55 kati ya jino na jino. Fitingi nyingi za turbo na geji zinazoagizwa kutoka Marekani, au zinazoigwa kutoka huko, huja na NPT ya inchi 1/8, yenye meno 27 kwa inchi na pembe ya digrii 60. Zote mbili huchongoka kwa uwiano uleule wa 1 kwa 16, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mmoja akiingizwa kwenye tundu la mwenzake, huzunguka kidogo kwa urahisi, kisha hukaza, na fundi hudhani kwamba mchongoko ndio unaoziba. Kumbe ni meno yanayosagana. Oili ikiwa baridi hapo pengine haitavuja, lakini injini ikichemka na mtetemo ukianza, jasho la oili hutokea, kisha matone, na mwenye gari akizidi kukaza huhatarisha kupasua ukingo wa tundu kwenye bloku, jambo ambalo halitengenezwi kwa fitingi ya aina yoyote. Kwangu tofauti hiyo ilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu upande wa bloku ulitaka BSPT huku tundu la oili la turbo likitaka NPT, kwa hiyo mpira mmoja ulilazimika kuwa na adapta 2 zinazofanana kabisa kwa sura na zisizoweza kubadilishana nafasi. Duka lilizitia kila moja katika mfuko wake na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito, na hilo nalihesabu kuwa sehemu ya huduma.

Katikati, pale mpira unapokutana na adapta, tulitumia JIC. Hii ni fitingi ya chuma yenye koni ya digrii 37 inayokandamizwa na nati, na ubora wake ni kwamba kazi ya kuziba hufanywa na koni kukutana na koni, chuma kwa chuma, ilhali meno hubaki na kazi moja tu ya kuvuta. Inaweza kufunguliwa na kufungwa tena mara nyingi bila washa, bila gundi na bila tepu. Kipimo namba 4, chenye meno ya 7/16-20, yaani kipenyo cha inchi 7/16 na meno 20 kwa inchi, kinatosha kabisa kwa kupeleka oili kwenye turbo.

Hapo pia kuna mtego, na ni duka linalojua kazi yake tu litakalokuonya. Mafundi wa majokofu na viyoyozi hutumia fitingi za shaba zenye koni ya digrii 45, na ile ya bomba la inchi 1/4 ina meno yaleyale ya 7/16-20. Nati ya JIC itapanda juu yake bila kipingamizi hadi mwisho, mkono hautahisi lolote, lakini koni ya digrii 37 haikalii koni ya digrii 45 isipokuwa kwenye mstari mwembamba kama unywele. Ndiyo maana sishauri kununua fitingi za oili ya injini kwenye duka la vifaa vya viyoyozi, hata kama zimeng'aa na bei ni nafuu. Wajapani nao wana fitingi zao za koni ya digrii 30, ambazo mitambo ya Komatsu huzitumia, na duka hili huzihifadhi kwenye kabati la peke yake ili zisichanganyike na JIC. Niliona kabati hilo kabla ya kuelezwa sababu yake, na nilipoelezwa niliacha kuwa na wasiwasi kuhusu vitu vingine vingi.

Upande wa kipoza oili ndiko kulikohitaji akili zaidi, na hapa ningependa kueleza kwa kirefu kwa sababu ndiko watu wengi wanakorundika adapta juu ya adapta. Sahani ya kati, ile inayokaa baina ya filta na injini ili oili ipitie kwenye kipoza kabla ya kurudi, ilikuwa na matundu ya BSP ya inchi 1/2 yenye meno yaliyonyooka. Kipoza chenyewe kilikuwa na matundu ya M22 × 1.5, kipimo kinachotumiwa na Setrab wa Sweden. Sasa, fitingi ya JIC namba 10 ina meno ya 7/8-14, na kipenyo cha inchi 7/8 ni milimita 22.2. Mtu akipima kwa venia tu, bila kipima meno, ataona 22 na kuridhika. Lakini hatua ya jino moja hadi jingine kwenye 7/8-14 ni milimita 1.81, na kwenye M22 ni milimita 1.5, na tundu la kipoza ni la alumini laini. Fitingi ya chuma ikilazimishwa humo itajikatia njia yake yenyewe, na kipoza kitakuwa kimeharibika kabla hakijaona oili.

Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi kwamba nataka JIC pande zote, na kwa M22 nilitegemea kuchongewa adapta na fundi wa mashine ya kukereza mtaa wa pili. Mzee mwenye duka aliisoma karatasi, akaniuliza kwa nini ning'ang'anie JIC kwenye mpira mnene ilhali Wajerumani wameshaimaliza kazi hiyo. Akatoa boksi la fitingi za koni ya digrii 24, zile za vipimo vya milimita, akachagua za bomba la milimita 18 katika safu nyepesi. Katika safu hiyo, fitingi ya bomba la milimita 18 hutengenezwa ikiwa na mguu, yaani upande wa kuingia kwenye tundu, wa M22 × 1.5 au mguu wa BSP ya inchi 1/2, na upande wa pili wa zote mbili hupokea nati ileile ya M26 × 1.5. Maana yake ni kwamba mguu mmoja uliingia moja kwa moja kwenye kipoza, mguu mwingine ukaingia moja kwa moja kwenye sahani ya filta, na mpira wa inchi 5/8 ukabanwa nati zinazofanana pande zote. Hakukuwa na adapta ya ziada hata moja, na hakukuwa na kitu cha kukerezwa. Kila kiungo unachoongeza katika njia ya oili ni mahali pengine pa kuvuja na uzito mwingine unaoning'inia, kwa hiyo ni bora zaidi kubadilisha mwisho wa mpira kuliko kurefusha mnyororo wa adapta. Somo hilo nililipata bure, kwa mtu ambaye angeweza kuniuzia vipande 4 zaidi.

Nati hizo za digrii 24 zina oringi ndogo kwenye koni. Oringi za kawaida ni za mpira wa nitraili, unaofaa kwa oili ya haidroliki lakini unaochakaa mapema kwenye joto la oili ya injini inayofanya kazi ngumu. Niliomba za Viton, na zilikuwepo. Vivyo hivyo kwa washa za dauti, zile za chuma zenye ukingo wa mpira ndani, zinazokaa chini ya mguu wenye meno yaliyonyooka: ziombwe za Viton, na zikikosekana, washa ya shaba nyekundu ni bora kuliko dauti ya nitraili mahali penye joto kali.

Kuhusu chuma chenyewe. Kuna fitingi za alumini zenye rangi nyekundu na buluu zinazopendeza sana chini ya boneti, na nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina bei kubwa kuliko za chuma. Sina ugomvi nazo kwenye gari la mashindano linalofunguliwa kila wiki. Kwenye dizeli ya kazi, inayotetemeka kutwa nzima kwenye barabara ya makorongo, nazikataa. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara 2 ya chuma, kwa hiyo fitingi ya alumini ndani ya bloku ya chuma cha kusubu haipumui sawasawa na tundu lake. Meno yake hukwaruzika na kushikana ukiyafungua mara kadhaa. Na hex yake, yaani pande 6 za kushikia spana, huliwa haraka. Shaba ya njano ni nafuu na haishiki kutu, lakini ni dhaifu kwa uchovu wa mtetemo, hasa kwenye kipenyo kidogo kama hicho cha inchi 1/8, ambapo baada ya kutoboa njia ya oili katikati, ukuta wa chuma unaobaki ni mwembamba mno.

Udhaifu huo ndio unaovunja injini nyingi zilizofungwa geji. Sensa ya geji ya oili ni kopo zito, na mafundi wengi huifunga juu ya tii ya shaba, yaani kiungo chenye umbo la T, tii ikiwa imefungwa kwenye bloku, na mpira wa turbo ukitokea ubavuni. Uzito wote huo hubebwa na shingo moja ya inchi 1/8. Siku shingo ikikatika, oili yote humwagika kwa shinikizo la pampu, na dereva akiwa hatazami dashibodi injini hufa. Ushauri wa duka, ambao niliufuata, ni kuweka kwenye bloku adapta moja fupi ya chuma tu, kutoka hapo mpira mfupi hadi kwenye tii iliyofungwa kwa bano kwenye bodi ya gari, na sensa kukaa huko. Wakanikumbusha pia kwamba sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia mwili wake, kwa hiyo ikihamishwa kutoka kwenye injini lazima ipewe waya wake wa ethi, la sivyo geji itasoma uongo.

Ubora wa fitingi zao nimeuangalia kwa karibu. Jambo la kwanza la kutazama ni uso wa koni. Kwenye fitingi duni utaona mistari ya kisu cha mashine ikizunguka kama gurufu za sahani ya santuri, na ukipitisha ukucha unaisikia. Mistari hiyo ndiyo njia ya oili. Kwenye zile nilizopewa, koni ilikuwa laini na ukucha uliteleza, ingawa katika boksi lilelile nilikuta moja yenye mkwaruzo, nikaikataa na ikabadilishwa bila maneno. Upakaji wa zinki ni wa wastani. Kwa gari linalolala Kigamboni au Mbezi, karibu na hewa ya chumvi, nimeona wekundu wa kutu ukianza kwenye kona za nati, ingawa meno na koni, ambavyo vina oili, ni vizima. Chuma cha pua kingeepusha hilo, lakini wanacho kwa oda tu, na meno yake hukwama yakifungwa makavu.

Mipira yenyewe inahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wauzaji hupenda kusifu shinikizo. Mpira wa kawaida wa haidroliki wenye msuko mmoja wa waya, ule unaoandikwa 1SN, kwa kipimo cha inchi 5/8 hubeba bar 130 za kazi, ilhali oili ya injini kwa kawaida haifiki hata bar 10. Shinikizo si tatizo kabisa. Tatizo ni joto, kwani mpira wa aina hiyo hupewa kikomo cha digrii 100 za Selsiasi, na oili ya injini yenye turbo ikipanda mlima inaweza kulivuka kiwango hicho. Kwenye kipoza, ambako mipira hupita mbele penye upepo, duka lilikuwa na mpira wa msuko mmoja wa aina ya joto kubwa, na kikomo chake kilikuwa kimechapishwa kwenye ubavu wa mpira wenyewe, mahali ambapo mnunuzi anaweza kukisoma bila kuambiwa. Kwa ule unaoingia kwenye turbo, sentimita chache tu kutoka kwenye chuma kinachowaka, hakuna mjadala: ni tefloni ndani na msuko wa chuma cha pua nje, ile iitwayo R14, inayovumilia hadi digrii 204. Mpira huo una vichwa vyake vya kubania na haubanwi kwa vichwa vya mpira wa kawaida. Duka lisilo na vichwa hivyo likikuambia kwamba "vitashika tu", ondoka.

Hatua ambayo wengi huiruka ni usafi. Mipira hukatwa kwa gurudumu la msumeno, na vumbi la mpira pamoja na vipande vya waya huingia ndani. Kwenye ekskaveta vumbi hilo huenda likakutana na filta kabla ya kuleta madhara makubwa; kwenye mpira wa turbo hukutana na beringi moja kwa moja. Hapa mpira ulikatwa, ukapigwa upepo pande zote mbili, kisha kidonge cha sponji kikasukumwa kwa upepo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kidonge cha kwanza kilitoka cheusi, kikiwa na chembe zinazometa. Wakarudia hadi kikatoka kama kilivyoingia, ndipo vichwa vikabanwa, na baada ya kubanwa kipenyo cha kikuku, ile pete ya chuma inayoushika mpira, kikapimwa kwa venia na kulinganishwa na jedwali lililobandikwa ukutani. Miisho yote ikafungwa vifuniko vya plastiki kabla ya kuniachia.

Lawama yangu kubwa kwa duka iko kwenye tepu. Pamoja na ujuzi wote huo, kijana mwingine alitaka kunifungia BSPT kwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, na akaanza kuizungusha kuanzia jino la kwanza kabisa. Nilimzuia. Uzi mmoja wa tepu ukikatika na kuingia kwenye njia ya oili, hautaishia popote isipokuwa kwenye tundu jembamba la kuingilia turbo, na hapo hakuna filta tena. Kwa meno ya mchongoko katika mfumo wa oili inatakiwa gundi ya meno inayoganda pale hewa inapokosekana katikati ya vyuma, kama Loctite 545 au 567, ikipakwa kidogo huku jino la kwanza na la pili yakiachwa tupu. Duka halikuwa nayo. Duka linalouza fitingi za mchongoko kwa kazi ya oili ya injini linapaswa kuiweka kaunta, na kuwafundisha vijana wake wote, si yule mmoja tu.

Lawama nyingine ni ndogo. Risiti waliyonipa iliandikwa "fitingi" na jumla ya fedha, bila kutaja aina wala kipimo, na hilo litamtesa yeyote atakayetaka kuagiza kipande kimoja akiwa Tunduma au Kigoma. Niliwaomba waandike upya, wakaandika, ila isingepaswa kuombwa. Akiba yao ya NPT ndogo ni finyu. Bei za kubana mpira ni za haki, na za R14 ni kubwa zaidi, jambo ninaloliona kuwa sawa.

Njia ya kurudisha oili haikuwa kazi yao kwa ukamilifu, lakini walinielekeza vyema. Oili ikitoka kwenye turbo haina shinikizo tena. Imechanganyika na hewa, ni povu linaloshuka kwa uzito wake tu. Garrett, watengenezaji wa turbo, wanataka tundu la kutokea lielekee chini bila kukengeuka zaidi ya digrii 35 kutoka kwenye wima, na njia iwe pana, isiyopungua inchi 1/2 ndani, bila shingo wala bonde. Iingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili, kwani ikiingia chini yake povu hukwama, oili hurudi nyuma hadi kwenye sili za turbo, na moshi wa buluu huanza, kisha watu huilaumu turbo. Kwa ajili hiyo fundi wa kukereza alinichongea shingo fupi ya chuma yenye ukingo uliovimba ili mpira usichomoke, sampu ikashushwa, ikatobolewa, shingo ikachomelewa, na sampu ikaoshwa kabla ya kurudishwa. Wanaotoboa sampu ikiwa mahali pake wakitumaini kwamba grisi kwenye keekee itanasa vumbi la chuma wanacheza na injini.

Kukaza JIC ni jambo linaloharibiwa na mikono yenye nguvu. Koni na meno vipakwe oili kidogo, nati ifikishwe kwa mkono hadi ikalie, kisha ikazwe kwa spana 2, moja ikishika adapta na nyingine ikizungusha nati, kati ya bapa moja na mawili ya nati, basi. Baada ya hapo mstari wa rangi upigwe kuvuka nati na adapta, ili fundi yeyote anayeinama chini ya boneti aone mara moja kama kitu kimesogea. Kabla ya kuwasha nilijaza oili kwenye tundu la turbo kwa bomba la sindano, nikachomoa waya wa solenoidi inayozima dizeli, na injini ikazungushwa na stata hadi geji ikanyanyuka.

Tangu hapo gari limekwenda Mbeya na kurudi likiwa na mzigo, na mistari ya rangi haijaachana. Viungo vyote ni vikavu isipokuwa kimoja, cha dauti kwenye sahani ya filta, kilichotoa jasho mwanzoni na kukauka baada ya kubadilishiwa washa. Ningewarudia bila kusita kwa kupima, kwa kubana na kwa ushauri wa mzee mwenyewe. Kwa gundi ya meno ningepitia duka jingine kwanza. Anayekwenda achukue kipande cha zamani mkononi hata kama kimekatika, aifute oili yote ili meno yaonekane, aandike ni tundu gani kila kipande kinatoka, na aende asubuhi siku ya kazi, wakati mzee yupo kaunta na foleni ya madereva wa matipa haijaanza.